Jiko la kioo: pleti mbili za kulia zinaonyesha namba lakini hazipati moto

BintiChumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Shemeji yangu amerudi kutoka Ujerumani na kontena la vitu vya nyumbani, akatupa jiko la seramiki la pleti nne, lile la kugusa kwa kidole. Fundi akakata kaunta, akalipachika vizuri kabisa, akaliunga kwenye waya uliokuwa wa jiko la zamani. Pleti za kushoto zinapiga kazi. Za kulia nikigusa, taa inawaka, namba inapanda mpaka 9, lakini kioo ni baridi, unaweza kulaza kiganja. Fundi anasema elementi zimekatika njiani, niagize mbili. Umeme wetu ni fezi moja, yaani waya mmoja tu wa moto unaoingia nyumbani.

Halafu hizo nzima zenyewe wekundu unakuja na kuzima, unakuja na kuzima. Nao ni ubovu?

Mzee_wa_Spea:
Pole dada. Elementi za majiko haya ni laini, kontena likitikisika zinakatika. Ulizia Kariakoo, za mtumba zipo.

FunditaaTanga:
Dada, usinunue kitu bado. Elementi mbili zife safari moja, tena za upande mmoja, na za upande wa pili zisiguswe? Inawezekana, ila mimi nisingeanzia huko. Upande mzima ukifa, natazama waya kwanza.

Kule Ujerumani nyumba nyingi zinaingiziwa fezi tatu, kwa hiyo jiko kama hilo hupewa mbili: moja inalisha kushoto, nyingine kulia. Waya unaotoka chini ya jiko mara nyingi una nyuzi tano: kahawia, nyeusi, bluu, kijivu, na ya kijani yenye mstari wa njano. Kahawia ni fezi ya kwanza. Nyeusi ni fezi ya pili. Hapo ndipo mafundi wetu wengi wanapokwama, maana nyumba zetu za zamani zimefungwa nyekundu kuwa fezi na nyeusi kuwa nyutro, ule waya wa kurudishia umeme. Akiona nyeusi, mkono unakwenda kwenye nyutro wenyewe. Matokeo yake upande mmoja wa jiko una nyutro huku na nyutro huku, basi umeme hauna pa kupita. Breka haianguki, taa zinawaka kwa sababu zinalishwa na kahawia, na kila mtu anailaumu elementi.

Mwambie azime swichi kuu, ahakikishe kwa testa, ndipo afungue. Asifuate rangi kwa mazoea. Asome mchoro uliobandikwa chini ya jiko, hasa kwa ile kijivu, kuna majiko ni nyutro ya pili na kuna mengine ni fezi. Kwa fezi moja, kahawia na nyeusi zinakwenda pamoja kwenye fezi. Kama bado ana wasiwasi na elementi, azipime omu, yaani ukinzani wake: ya wati 1800 isome kama 29, ya wati 1200 kama 44. Iliyokatika haisomi kitu.

Wekundu kuja na kuondoka si ubovu. Ndivyo jiko hilo linavyopunguza moto, na hata kwenye 9 kuna kidhibiti kinachokata joto likizidi ili kioo kisipasuke.

BintiChumbageni:
Kaka, umeongea kama ulikuwa umeinama chini ya kaunta yangu. Nyeusi, bluu na kijivu zote zilikuwa kwenye konekta moja. Mchoro ulisema kijivu ni nyutro, akaitoa nyeusi peke yake na zote nne sasa zinawaka. Shida mpya: nikiwasha zote, baada ya muda breka inaanguka. Imeandikwa C20, yaani ya ampea 20. Fundi anataka kuweka ya 32.

FunditaaTanga:
Asiweke! Angalia kibandiko, jiko la pleti nne mara nyingi ni kama kilowati 7. Gawa kwa voti 230 upate ampea 30. Breka ya 20 inafanya kazi yake, inalinda waya ambao nina hakika ni wa milimita 2.5. Ukiweka ya 32 juu ya waya huo, breka itatulia na waya ndio utakaoungua ukutani. Vuta laini mpya ya milimita 6 moja kwa moja kutoka kwenye boksi la breka, ndipo ya 32 ikae, na swichi yake ya jiko. Plagi ya ampea 13 isihusike kabisa. Kwa sasa pikia pleti mbili.

Mkaazi_wa_Pongwe:
Nidandie hapo hapo. Langu zote zinawaka, lakini saa moja jioni chai inachukua karne. Asubuhi liko vizuri.

FunditaaTanga:
Umeme unashuka. Kwenye voti 180 pleti ya wati 1800 inakupa kama 1100 tu. Pima kwenye soketi jioni jiko likiwa limewaka, kisha lizime upime tena. Voti zikibaki chini vilevile, tatizo liko nje, toa taarifa kwa wenye laini. Zikiruka juu sana, kagua kwako kwanza: waya mwembamba, au skrubu iliyolegea kwenye swichi ya jiko. Iguse swichi hiyo kwa nje baada ya kupika. Ikiwa ya moto au inanuka plastiki, izime na usiitumie mpaka ifunguliwe.