Dezati rozi yangu imelainika chini, bado inapona au nitupe tu?

MamaZuu_Kigamboni
Habari zenu wakuu. Nina dezati rozi, ule mti wa maua wenye shina lililovimba chini kama tumbo, nilinunua mwaka jana kwa wale wauza miche wa barabarani, ilikuja na maua mekundu imejaa hadi majirani wakawa wanasimama getini kuuliza. Sasa tangu masika yaanze majani yanageuka njano moja moja yanadondoka, nikajua ni njaa, nikaweka samadi ya kuku na maji nikaongeza, kopo asubuhi kopo jioni. Maua ndo basi tena. Juzi nafagia nikaigusa pale chini kwenye lile tumbo lake nikaona kidole kinazama, yaani kama unabonyeza papai lililoiva likapitiliza, na kikatoka kimaji cha kahawia kinanuka. Upande wa pili bado mgumu. Chungu ni cha saruji, kikubwa tu, chini nimeweka sahani maana maji yalikuwa yanachafua tailizi. Udongo ni ule mweusi wa kwenye kiroba. Kijana wa bustani anasema niweke yurea. Nifanyeje jamani naipenda kweli.

Babu_Miche
Dada yangu yurea weka kwenye mahindi. Hapo umeua kwa upendo, sikucheki, hata mimi ya kwanza iliniozea hivyohivyo.

Hilo tumbo ndo tangi lake la maji, mti umejiwekea akiba ya kiangazi. Sasa wewe mvua inanyesha, kopo mbili juu, sahani chini imejaa, udongo mweusi unashika maji kama sponji, mizizi haipati hewa inaoza, na kuoza kunapanda juu. Majani ya njano hayakuwa njaa, ilikuwa inakuambia nimeshiba.

Siku nyingine kabla hujaogopa bonyeza kwanza. Tumbo likiwa limenywea lote sawasawa, ngozi ina mikunjo, halina harufu, hiyo ni kiu, mwagilia litajaa lenyewe. Ila likizama sehemu moja tu, pamelowa na panatoa harufu kama ulivyosema, huo ni uozo na dawa yake ni kisu. Leo, sio wikiendi.

Ing'oe chunguni, osha udongo wote uone mizizi. Iliyo laini kata. Kisu kikali, futa na spiriti, kata sehemu iliyooza kidogokidogo hadi ukute nyama nyeupe safi, na kila ukikata pande futa kisu tena, watu wengi wanaruka hapa halafu wanashangaa. Ukiona bado kuna vidoti vya kahawia hujafika, endelea hata kama inauma, maana ukiacha kidoti kimoja baada ya wiki mbili unarudi palepale. Kidonda pakaa dawa ya unga ya ukungu, hizi za duka la pembejeo. Halafu USIPANDE. Iache kivulini penye upepo wiki nzima au zaidi hadi kidonda kikauke kiwe na gamba gumu. Haitakufa, ina maji yake ndani.

kijiti254
Salamu kutoka Voi. Huku kwetu hii kitu inamea yenyewe kwa mawe, ukipita Tsavo wakati wa kiangazi utaipata imesimama haina jani hata moja lakini maua ya pinki imejaa, na hakuna mtu hupeleka maji huko. Sasa mkiichukua mnaiweka kwa udongo wa sukumawiki mnategemea nini.

Mimi natumia mchanga mkubwa wa mto, changarawe, vipande vya matofali ya kuchoma na mkaa uliopondwapondwa, mboji kidogo sana labda sehemu moja kwa tano. Ukimwaga maji yanafaa kutokea chini hapo hapo, yakisimama juu ata kidogo anza upya. Hiyo sahani toa. Na chungu kisiwe kikubwa, kikizidi mizizi sana udongo unakaa na maji ambayo hakuna mtu wa kuyanywa.

Chausiku_T
Mimi huwa naweka unga wa mdalasini kwenye kidonda, dawa za dukani naogopa nina watoto

Babu_Miche
Mdalasini sawa kwa kidonda kidogo bi Chausiku, ila kwa pande kubwa hivyo mimi siuamini. Na kama unaogopa kwa ajili ya watoto basi uogope kwanza mti wenyewe. Utomvu wake ni sumu, tena sumu ya moyo. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanauchemsha wanapaka kwenye mishale wanaangusha wanyama wakubwa. MamaZuu vaa glavu ukikata, usijishike macho, osha kisu na usikirudishe jikoni, na vipande usitupe mbuzi wanapopita.

kijiti254
Ukweli. Mbuzi wa huku wanaijua, hawaigusi.

Mwenye anakula ni kiwavi mmoja kikubwa kijani, ukimshtua anainamisha kichwa unaona macho mawili ya buluu mgongoni, si macho, ni madoa tu ya kutishia ndege. Usiku mmoja anamaliza tawi. Mtoe na mkono. Na kama kwa ncha za maua kuna vidukari vya njano vimejazana, maji ya sabuni jioni yanatosha.

MamaZuu_Kigamboni
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekata leo mchana mikono inatetemeka. Kumbe ndani ilikuwa imeoza kuliko nilivyodhani, limebaki tumbo kama nusu na mizizi mitatu tu, lakini nyama ni nyeupe kabisa kama muhogo. Sasa limekaa upande halina shepu, litarudi kuwa duara?

Babu_Miche
Duara halitarudi, ila litanenepa upande na kovu litabaki, wengine tunayapenda hayo yenye kovu, yanakuwa na sura ya kizee. Ukishapanda kaa tena kama wiki bila maji. Baada ya hapo chomeka kijiti cha mishkaki kwenye udongo, kikitoka kikavu mwagilia, kikitoka na udongo umeng'ang'ania acha. Masika iweke chini ya kibaraza mvua isiifikie ila jua ipate, angalau saa sita kwa siku, bila jua maua usahau. Samadi ya kuku hapana hadi uone majani mapya yametulia.

Chausiku_T
Na akikata tawi akapanda lile tawi si anapata mwingine?

Babu_Miche
Linaota vizuri tu, ila la tawi mara nyingi halitoi tumbo zuri kama la mbegu. Kama lengo ni maua panda tawi, kama unataka tumbo tafuta mbegu.

MamaZuu_Kigamboni
Mrejesho siku ya nne. Kidonda kimekauka kinagonga kama kifuu. Nililiweka juu ya kabati jikoni ndo penye upepo, leo narudi kazini namkuta mama mkwe kalishika na kisu mkononi ananiuliza mwanangu hiki kiazi cha wapi, nichanganye na magimbi?

kijiti254
WEEH. Toa hiyo kitu jikoni sasa hivi uandike SUMU na maka peni

MamaZuu_Kigamboni
Nimeshaihamishia stoo kaka, dirisha nimefungua. Mama kanuna, anasema mtu gani anaficha viazi.