Naomba ushauri: mama anasubiri upasuaji wa uvimbe, hofu imemzidi

Wakuu, mama yangu ana uvimbe kwenye titi, amepangiwa upasuaji wiki mbili zijazo. Maumivu hana, shida ni hofu. Halali. Saa nane usiku namkuta kakaa kitandani anajipapasa palepale, kama anahakikisha haujakua. Chakula anakigusa tu. Kinachomtisha zaidi si kisu, ni nusu kaputi, anasema hataamka. Tukimwambia "usiwaze" ndiyo ananyamaza kabisa, na kusema kweli hata mimi neno hilo nimelichoka. Nafikiria kuomba aonane mapema na daktari wa usingizi amuulize mwenyewe. Mliopitia hili, mliongea nini na mgonjwa wenu? Na hiyo hali ya kutolala, tumwambie daktari wake sasa au tusubiri siku ya kulazwa?