Mnara wa Chumbe au wa Kigomasha, twende upi?

BintiNgamiani
Habari wadau. Mwezi wa nane tunavuka kutoka Tanga, mimi, mzee na watoto wawili. Mkubwa (13) ameshikwa na wazimu wa minara ya taa. Nimebakiza miwili: Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja, na Kigomasha, Pemba. Hela ya kwenda yote sina.

Miwani_na_Mrija
Chumbe, wala sisiti. Mnara wa mwaka 1904, pembeni pana msikiti mdogo waliokuwa wakisali watunza taa, na nyumba ya mtunza taa ndipo wageni wanapokula siku hizi. Boti inaondokea Mbweni. Lakini utamu uko majini. Mwamba wa upande wa magharibi umepigwa marufuku uvuvi tangu 1994, samaki wamesahau kuogopa watu. Chewa mmoja alinikodolea macho mpaka nikaona haya mimi. Kuzamia kwa mitungi hakuna, ni miwani na mrija tu, kwa hiyo watoto hawabaki nyuma.

PanguPakavu
Amesahau kutaja bei 😂 Chumbe ni ghali, dada. Vibanda vya kulala ni saba tu kisiwa kizima, na wa kwenda na kurudi wanapokelewa nafasi ikiwepo. Ulizia bei ya mkaazi mapema.

Kiroboto77
Na ule wa Nungwi je?

PanguPakavu
Utauona kwa nje, na kamera ubaki nayo mfukoni.

MtotoWaKonde
Mpemba nisiseme? Kigomasha ni mnara wa chuma, wa 1900, na nusu ya raha iko njiani. Panda daladala Chake hadi Konde, hapo chukua bodaboda mpite katikati ya msitu wa Ngezi. Miti imekutana juu. Saa sita mchana unadhani magharibi imeingia. Mukitoka msituni, mwanga unakupigeni usoni, mnara huo.
Mtunza taa akiwepo atakufungulieni, mumpe cha chai. Mimi nilifika Ijumaa, mwenyewe yuko msikitini, nikakaa chini ya mnazi hadi saa nane. Ngazi nyembamba, kila ukikanyaga chuma kinalia, na nilishuka viganja vyekundu kwa kutu. Lakini kule juu! Huku mchanga wa Vumawimbi, huku maji ya kilindi, bahari inageuka ghafla rangi ya wino.

BintiNgamiani
Mdogo anauliza wanyama.

MtotoWaKonde
Mwambie popo wa Pemba. Mkubwa, manyoya mekundu, duniani hayupo pengine.

ShangaziMbweni
Mwanangu, Chumbe nako kuna paa nunga na kaa wa nazi, ila kaa hutoka usiku, asiyelala kule hamwoni. Na mwezi wa nane kusi inavuma, boti ndogo itakurusheni. Mwenye tumbo jepesi asile sana asubuhi. Popote uendako chukua viatu vya raba, maji yakitoka mawe yanakata.

BintiNgamiani
Shangazi umenimaliza, mzee ndiye mwenye tumbo jepesi. Basi Pemba. Huyo mtunza taa tumletee nini, halua?

MtotoWaKonde
Halua mulete Pemba, wakati Wete kwetu hapa ipo tele? Mleteeni machungwa ya Muheza.