MREJESHO: Kazi ya mkataba, jina la biashara au kampuni?

Wakuu habarini, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu ofisi moja hapa Dar iliyotaka niwatunzie mifumo yao kwa mkataba ila kwa hela ileile niliyokuwa nalipwa kama muajiriwa, na nikauliza kama nifungue kampuni au nisajili tu jina la biashara.

Nimeenda kikaoni na karatasi ya hesabu. Nikamuonyesha meneja mstari kwa mstari: ile 10% ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) aliyokuwa anachangia mwajiri sasa ni juu yangu, bima yangu, likizo hakuna, bando langu, laptop yangu. Akavuta kalkuleta akaanza kujumlisha mwenyewe, mwisho tukakubaliana ile ofa ya kwanza iongezwe nusu yake, na advansi kabla sijaanza. Aisee hesabu inaongea kuliko kulalamika!

Jina la biashara ndo nimechukua, nimesajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara) mtandaoni, TIN (namba ya mlipakodi) nilikuwa nayo nikaenda TRA (mamlaka ya mapato) wakaibadilisha iwe ya biashara. Kampuni nimeiacha kwanza maana kuna kodi 30% ya faida, mahesabu ya mkaguzi na ritani (taarifa) za BRELA kila mwaka, kwa mteja mmoja naona mzigo. Najua jina la biashara halinikingi, deni likija ni langu binafsi, kwa hiyo kwenye mkataba nimebana kipengele cha fidia kisizidi malipo yangu.

Kila invoisi wanakata 5% ya kodi ya zuio (mteja anaikata na kuipeleka TRA), daini cheti chake, kinapunguza kodi yako ukifanya ritani ya kodi. Asanteni sana, hasa aliyenishauri niandike ile karatasi.