Tupeane uzoefu: mila za kwenu zimewahi kutumiwa bila ninyi kuulizwa?

Wadau, habari zenu. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, makazi Temeke. Jiji hili limesimama kwenye ardhi ya wazee wetu, lakini vitu vyetu navikuta madukani kuliko nyumbani.

Bibi alikuwa na mwana hiti, kile kinyago anachokaa nacho mwali akiwa ndani. Hakina mikono, kichwani kina vishungi viwili, na kilishakuwa cheusi ti kwa mafuta ya mabinti waliokilea kama mtoto. Bibi alipofariki, mjomba akamuuzia dalali kwa bei ya kutupa. Wanawake wa ukoo, ambao ndio wenye unyago, hakuna aliyewauliza. Inaniuma mpaka leo. Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007, ambalo Tanzania ililipigia kura ya ndiyo, ibara ya 11 inataka nchi ziwatendee haki waliochukuliwa vitu vya mila bila ridhaa yao, hata kwa kurudishiwa. Serikali yetu husema Watanzania wote ni watu wa asili. Sawa, basi wote tuulizwe.

Tiririkeni na ya kwenu.

*Mdau wa Mikocheni:* Pole sana dada. Mimi Mmasai, nalinda geti. Hoteli moja ilituita tuwachezee wageni ngoma yetu ya kuruka. Tukaambiwa tukatishe wimbo katikati, tuvae shanga walizonunua wao, za wanawake! Sikurudi tena.

*Mdau wa Kimara:* Niliwahi kuendesha watalii hadi Yaeda Chini kwa Wahadzabe. Wale mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Mzee mmoja alinionyesha mbuyu wenye vigingi vya kupandia kufuata asali, vya zamani na vipya vimepishana hadi juu. Akasema mtu akija kufyeka pale, sasa wana karatasi ya kwenda nayo kijijini. Ardhi ikienda, hiyo asali utaifundishia wapi watoto?

*Mwenye uzi:* Asante kaka wa Kimara. Hati ya pamoja inaanzia serikali ya kijiji au wilayani? Kwetu kuna kichaka cha matambiko na wapimaji wa viwanja wameshafika jirani. Anayejua anijibu hapahapa, wazee wanakutana Jumamosi.