Reli ya mfano kwenye korido nyembamba: HO au N?

Kichwa_Shangani
Wadau, habari za jioni. Nataka kujenga reli ya mfano nyumbani hapa Mtwara, ila nafasi niliyonayo ni korido tu. Shemeji anarudi kutoka Ujerumani mwezi ujao na amekubali kunibebea seti moja. Nimwambie HO (mara 87 ndogo kuliko treni halisi) au N (mara 160)?

Fundi_Ligula
Korido ina upana gani? Urefu je? Na unataka treni izunguke, au ishanti tu, yaani kusogeza na kupanga mabehewa mbele na nyuma? Bila hivyo tutabahatisha.

Kichwa_Shangani
Urefu mita 4, upana sentimita 110. Watu wanapita hapo kwenda chumbani.

Fundi_Ligula
Basi ubao wa kuwekea reli usizidi upana wa sentimita 35, na kuzunguka sahau. Kona kali ya kawaida ya HO ina nusu kipenyo cha kama sentimita 36, yaani duara peke yake linakula zaidi ya 72. Hata N inataka karibu nusu mita. Chukua HO ujenge yadi ya kushanti. Njia tatu: moja inaingiza mabehewa 5, mbili zilizobaki 3 kila moja, na kipande cha mbele kinachotosha kichwa na mabehewa 3. Unapiga kura, yanatoka 5 kati ya 8, unayapanga kwa mfuatano ule ule. Alan Wright wa Uingereza ndiye aliyebuni mchezo huu, na pointi mbili (njia panda za reli) zinatosha. Utakesha.

Bi_Mikindani
Fundi, kushanti kila siku kunachosha. Mimi ni N tu. Behewa la mita 20 kwenye HO linafika sentimita 23, kwenye N ni 12 na nusu. Kwa mita 4 unapata treni ndefu inayopita porini, siyo vibehewa viwili vinagongana ukutani.

Mzee_wa_Mitwero
Wanangu, kwanza muulizeni shemeji reli zenyewe ni za madini gani. Niliwahi kununua boksi la mtumba kwa muuzaji wa mtandaoni, akaniapia ni mpya. Kumbe reli ni za chuma. Nyumba yangu hapa Lindi inatazama bahari, madirisha wazi usiku kucha. Kabla masika hayajaisha juu ya reli kulikuwa na unga mwekundu, kichwa kinatembea shibiri moja kinasimama, taa inapepesa, nakisukuma kwa kidole. Nilisugua kwa spiriti, nikasugua kwa kifutio, kesho yake kutu imerudi. Na ubao alionipa ni ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Ulivimba pembeni hadi maungio ya reli yakaachana. Muuzaji simu hapokei. Sisi wa pwani tuchukue reli za nikeli na shaba, na plaiwudi iliyopakwa rangi pande zote, hata chini.

Nachingwea_Mstari
Mnabishana HO na N wakati reli yetu ya Kusini, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilikuwa na geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja! HO ya milimita 16.5 ni geji ya SGR. Ukitaka ya kwetu, tafuta HOm, yaani HO ya geji ya mita moja, milimita 12.

Fundi_Ligula
Vichwa vya HOm ni ghali, na vingi ni vya milima ya Uswisi. Atavipata wapi vya kwetu?

Nachingwea_Mstari
Abadilishe bodi, yaani gamba la juu la kichwa. Bandari ya Mtwara yenyewe ilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga.

Mzee_wa_Mitwero
Taratibu, mwanangu. Reli ilianzia Mkwaya, huku Lindi. Mtwara ilifuata baadaye.

Nachingwea_Mstari
Sikatai, Mzee. Ila gati la maji marefu liko Mtwara.

Bi_Mikindani
Jamani, mwenye mada anasubiri.

Kichwa_Shangani
Nawasoma wote. Nilisahau kusema, mlango wa chumba unafungukia kwenye korido, katikati ya ule ukuta mrefu.

Fundi_Ligula
Ukuta upi? Ule unaotaka kuweka ubao, au wa pili?