James Bond ajaye: Villeneuve ndiye, au kazi hii ni ya fundi wa matukio?

Mtoa mada

Wakuu, tangu Juni 2025 Amazon MGM ilipomtangaza Denis Villeneuve, Mkanada wa Quebec, kuongoza filamu ya 26 ya James Bond, karibu kila anayeandika anashangilia. Mimi nina pingamizi. Kazi zake naziheshimu, ila naona wamechukua jina kubwa kwa kazi inayodai kitu kingine.

Tuiangalie kazi yenyewe. Muvi ya Bond haipigwi na kundi moja. Kuna kikosi cha kwanza, chenye dairekta na waigizaji wakuu. Halafu kuna kikosi cha pili, chenye dairekta wake, wapiga picha wake na watu wa stanti (michezo ya hatari), ambacho mara nyingi kiko nchi nyingine kabisa kikishughulika na magari, boti na helikopta. Vipande vya pande zote mbili hukutana mezani kwa mhariri. Dairekta asipoagiza mapema anataka nini, picha kwa picha, kabla kikosi cha pili hakijafunga safari, ataletewa vipande vya kupendeza visivyoshikana: stelingi anatazama kushoto, gari la adui linatokea kulia. Hapo mhariri hana la kufanya ila kukatakata haraka ili mtazamaji asigundue.

Watayarishaji wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana walipandisha watu wa ndani. Peter Hunt alihariri filamu za mwanzo, kisha akapewa On Her Majesty's Secret Service ya 1969. John Glen alikuwa mhariri na kiongozi wa kikosi cha pili. Ule mruko wa skii na parachuti kutoka mlima Asgard, Canada, kwenye The Spy Who Loved Me (1977), ulikuwa mikononi mwake. Mrukaji, Rick Sylvester, aliruka mara moja tu, kwa hiyo kamera zilipaswa kuwa mahali pake siku hiyo hiyo. Baadaye Glen aliongoza filamu tano mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1989, moja kila baada ya miaka miwili.

Na kila walipokuwa na stelingi mpya karibuni, walimwita Martin Campbell: 1995 kwa Pierce Brosnan (GoldenEye), 2006 kwa Daniel Craig (Casino Royale). Safari hii pia stelingi ni mpya. Kwa nini wamwache mtu wa aina hiyo?

Mchangiaji wa 1

Mkuu, hoja yako ya vikosi viwili ni sahihi, lakini ndiyo inayokupinga. Sam Mendes alitoka kwenye tamthilia za jukwaani na filamu za drama. Alipoongoza Bond ya Skyfall (2012), kikosi cha pili kiliongozwa na Alexander Witt, aliyeifanya kazi hiyo hiyo kwenye Casino Royale, na kamera kuu ilikuwa kwa Roger Deakins. Filamu ikavuka dola bilioni 1. Fundi wa stanti anaajiriwa. Mtu wa kuamua tukio linabeba nini haajiriwi kirahisi hivyo.

Tazama Villeneuve alichokifanya kwenye Sicario (2015), pale msafara wa Wamarekani unapotoka Juárez, Mexico, na mfungwa na kukwama kwenye foleni ya mpakani. Mapambano yenyewe ni ya sekunde chache. Muda karibu wote ni foleni: kioo cha gari kinashushwa, mkono unaning'inia nje, mtu kwenye gari la pembeni anageuza shingo. Unajua kila gari liko wapi, nani kamwona nani na nani bado. Risasi zinapolia hakuna anayepotea. Anayeweza kupanga magari yaliyosimama namna ile, ya kukimbizana hayatamshinda.

Mchangiaji wa 2

Ndugu zangu, wote mnabishania mtu, na mimi naona balaa huanzia kwenye tarehe. Rudini kwenye Quantum of Solace, Bond ya pili ya Craig. Waandishi wa Marekani waligoma Novemba 2007 hadi Februari 2008. Upigaji ulianza Januari 2008, skripti haijakamilika, na filamu ilikuwa sinema za Uingereza mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo. Craig mwenyewe alikuja kusema kwamba yeye na dairekta Marc Forster walikuwa wakiandika upya maneno ya matukio huku kazi inaendelea. Ikatoka filamu ya dakika 106, fupi kuliko zote, ambayo mambo hutokea kabla sababu yake haijaelezwa.

Forster si dairekta mbaya. Mpe Campbell ratiba ile, naye angeteleza. Kwa hiyo mimi naangalia mpangilio: Amy Pascal na David Heyman waliwekwa kuwa watayarishaji Machi 2025, Villeneuve akafuata Juni, kisha Steven Knight akapewa uandishi. Dairekta yupo kabla ya skripti, na hilo ni jema, maana ataijenga pamoja na mwandishi. Litaharibika siku studio itakapotangaza tarehe ya kutoka wakati ukurasa wa mwisho haujaandikwa. Tena Villeneuve ana Dune ya tatu, iliyopangiwa Desemba 2026.

Mtoa mada

Kuhusu skripti nakubali bila ubishi. Lakini Quantum ilikuwa na ugonjwa wa pili, na huo ni wa dairekta. Ule mkimbizano wa magari wa mwanzo, kule Ziwa Garda, Italia, umekatwa vipande vidogo mno kiasi kwamba huwezi kusema gari lipi liko mbele. Linganisha na Casino Royale, pale gari la Bond, Aston Martin DBS, linapobiringika. Bond anaendesha usiku, ghafla taa zinammulika Vesper, mpenzi wake, kafungwa kamba na kulazwa barabarani. Anakata kona. Kwenye majaribio gari lilikataa kupinduka hata kwa tuta la sentimita 45, kwa sababu uzito wake uko chini sana. Wakafunga mzinga wa gesi nyuma ya kiti cha dereva, ukafyatuliwa kusukuma ardhi gari lilipofika kwenye tuta. Dereva wa stanti, Adam Kirley, akazunguka mara saba, rekodi ya dunia wakati ule. Campbell akaionyesha kwa picha pana, ndefu, bila kuikata hovyo. Ukishapata stanti ya namna ile, heshima yake ni kuiacha ionekane.

Mchangiaji wa 3

Kaka mtoa mada, hebu tuongelee stelingi, maana umemtaja ukapita. Kwa miongo mingi wanaojaribiwa kuwa Bond wamepewa tukio lile lile kutoka From Russia with Love (1963): Bond anarudi hotelini, anasikia kitu, anachukua bastola, anamkuta mwanamke, Tatiana, kitandani. Ni zuri kwa kazi hiyo kwa sababu ndani ya dakika chache mtu lazima aonekane hatari, kisha achangamke, bila kubadilisha sauti ghafla. Wasiwasi wangu kwa Villeneuve uko hapo hapo. Watu wake huwa wazito, wamebeba huzuni. Bond anahitaji wepesi pia, na sijauona kwenye filamu zake.

Pia urefu. Blade Runner 2049 yake ni dakika 163, sawa kabisa na No Time to Die, Bond ya mwisho ya Craig. Dakika 130 zingemlazimisha kuchagua.

Na tusisahau kwamba filamu zote 25 za mkondo huu zimeongozwa na wanaume.

Mchangiaji wa 1

Dada, wepesi ni wa mwandishi na mwigizaji kwanza, hapo Knight ndiye atakayetuambia. Urefu nakuunga mkono.

Ila nina jambo kwa mtoa mada na Campbell wake. Casino Royale ina tukio ambalo maandishi ya skrini yanasema ni Mbale, Uganda. Lilipigwa Black Park, msitu ulio jirani na studio za Pinewood, Uingereza. Anayeijua Mbale anautafuta mlima Elgon, haupo. Villeneuve aliipeleka Dune Wadi Rum, Jordan, na jangwa la Abu Dhabi, na mchanga ule unaufanya mwili wa mwigizaji utembee tofauti. Bond ni filamu ya mahali. Akipewa Mbale, naamini atakwenda Mbale.

Mchangiaji wa 2

Atakwenda akipewa muda. Danny Boyle alitangazwa Mei 2018 kuongoza filamu iliyokuja kuwa No Time to Die, akaondoka Agosti kwa kutokubaliana na watayarishaji, na tarehe ya filamu ikasogezwa kutoka vuli ya 2019 hadi Februari 2020, hata kabla ya korona. Dairekta aliyemfuata, Cary Fukunaga, alirithi kazi ambayo mbunifu wa mandhari, Mark Tildesley, alikuwa ameletwa na Boyle. Mimi ningependa kusikia kwanza nani kapewa kikosi cha pili, na lini. Jina hilo likitoka miezi mingi kabla ya kamera kuwashwa, nitatulia.